Kiraka kwenye Hodhi la Bi Mwanaidi

Inspekta Benadetha Cletus aliubamiza mlango wa ofisi ya mkuu wake, akajua amekosa adabu, na hakujali hata kidogo. Koplo Sadick, aliyekuwa akimsubiri kwenye korido ya kituo cha polisi cha Kilwa Masoko, alijibana ukutani kumpisha.

"Amesemaje, afande?"

"Amesema jalada limeiva. Kesho asubuhi Lusia anapandishwa kizimbani, anasomewa shitaka la mauaji, halafu gari linampeleka gereza la Lindi. Mauaji hayana dhamana, Sadick. Akiingia kule atakaa miaka akisubiri kesi itajwe, na sisi huku tutakuwa tumeshahamishwa."

"Lakini ushahidi si upo, afande? Damu ipo, mchi upo, na yeye amekutwa pale pale."

"Wewe nawe."

Sadick akafyata. Alikuwa mzaliwa wa Masoko, mtu mpole mwenye mke na watoto, na hasira za bosi wake alizizoea kama mwenye nyumba anavyolizoea paa linalovuja. Ukijua pa kusimama, hulowi.

Kisa chenyewe kilikuwa chepesi, na wepesi huo ndio uliomchefua Benadetha. Juzi Jumamosi, baada ya sala ya isha, Bi Mwanaidi, mjane aliyeishi katika nyumba ya mawe aliyoachiwa na mumewe, alikutwa uani amekufa, kisogo kimepasuka. Aliyekuwa amempakata ni Lusia, mfanyakazi wake wa ndani, mwanamke wa Kimakonde kutoka Newala, kanga yake imelowa damu. Kando yao palikuwa na kinu, na mchi wenye damu kichwani. Aliyewakuta ni Majid, mtoto wa kaka yake marehemu, aliyekuja kutoka Dar es Salaam siku za karibuni kuikarabati nyumba. Majid akapiga ukunga, majirani wakajaa, polisi wakaja na pingu. Mtumishi akikutwa karibu na maiti ya bosi wake, nani atajisumbua kutafuta mtu mwingine?

Benadetha alijisumbua kwa sababu ya jeraha. Daktari wa wilaya alimwambia lilikuwa refu na limenyooka, kana kwamba mama wa watu ameangukia ukingo wa kitu kigumu. Kichwa cha mchi ni cha duara. Alipomweleza mkuu wake, mkuu akamjibu kwamba mchi una ubavu pia. Sasa kama uliopiga ni ubavu, mbona damu iko kichwani? Hapo ndipo mkuu alipotazama saa yake, na Benadetha akainuka.

"Mlete Lusia," akamwambia Sadick. "Nataka kumsikia mwenyewe."

Lusia aliletwa kutoka mahabusu amevaa dera la kuazimwa, maana kanga zake zilichukuliwa kuwa vielelezo. Macho yalikuwa yamevimba, lakini shingo aliisimamisha.

"Kaa," Benadetha akamwambia.

"Nimekaa sana, mama. Tangu juzi nimekaa tu."

Benadetha akampenda kwa jibu hilo, ingawa uso hakuulegeza. "Nieleze Jumamosi ilivyokwenda. Tangu asubuhi."

"Nimeshamweleza huyu." Akamwonyesha Sadick kwa kidevu.

"Mimi hujanieleza."

Lusia akavuta pumzi. "Asubuhi nilifua. Bomba halitoi maji, wiki nzima halitoi, mji mzima mnajua. Nikaanza kuteka kisimani, kule chini upande wa mafundi boti. Naenda narudi, naenda narudi, mpaka shingo inazama mabegani. Alasiri ndiyo nikamaliza. Hodhi likajaa pomoni. Bibi akaja, akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, akaniambia, Lusia, leo umenistiri."

"Afande, haya ya maji," Sadick akanong'ona, "nilimkatiza tangu juzi. Nilimwambia aje kwenye jambo lenyewe."

Benadetha naye, kwa dakika ile, hakuona kitu ndani yake. "Mchi ulikuwa wapi?"

"Nyuma ya mlango wa jiko. Sikuushika siku hiyo. Kisamvu nilikitwanga Ijumaa."

"Kisha?"

"Bibi akanipa ruhusa niende mazoezi ya kwaya kanisani. Nikamwacha na kaka Majid wanabishana."

"Kuhusu nini?"

"Nyumba. Kaka Majid anataka kuifanya hoteli, wageni wanaokwenda kutazama magofu ya Kisiwani wawe wanalala pale. Bibi akamwambia humu nitatoka kwa jeneza." Lusia akalivuta dera magotini. "Niliporudi giza limeingia. Nikamkuta uani, karibu na kinu. Nikadhani kaanguka. Nikamwinua. Kaka Majid akaingia akanikuta nimemwinua, akaanza kupiga kelele, huyu kamuua, huyu kamuua. Hata mapigo ya moyo hakumpima, mama. Hata hakusogea karibu."

"Yeye alikuwa wapi muda wote huo?"

"Alisema msikitini."

Waliporudi nje, Benadetha akamgeukia Sadick. "Hiyo ya msikitini uliiulizia?"

"Niliuliza, afande. Isha alikuwepo, watu wengi wamemwona. Maghrib..." Sadick akakuna shingo. "Maghrib hakuna mwenye uhakika."

"Na hukuniambia."

"Niliona mtu anaweza kusali kwenye safu ya nyuma."

 Benadetha alichukua kanga kwenye droo yake, akajitanda kichwani, wakaenda msibani.

Nyumba ya Bi Mwanaidi ilikuwa imejaa. Wanaume walikuwa barazani chini ya turubai, wanawake ndani kwenye mikeka, na juu ya yote harufu ya ubani na pilau. Benadetha alivua viatu, akawapa pole wafiwa, kisha akamsogelea Bi Maftaha, jirani wa ukuta mmoja na mjumbe wa mtaa ule. Upekuzi bila mjumbe ni kumpa wakili wa mtu zawadi.

"Shikamoo, bi mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Mbona mmerudi?"

"Nataka kuitazama nyumba kwa macho yangu. Naomba uwe shahidi."

Majid akawa ameshafika. Kanzu yake ilikuwa imepigwa pasi ikasimama wima, na mkononi alishika tasbihi. "Afande, leo tunamsomea shangazi yangu hitima. Hamuwezi kusubiri angalau iishe?"

"Kuna mtu mahabusu naye anasubiri."

"Yule?" Majid akacheka kwa pua. "Haya, tazameni. Sina la kuficha."

Walitazama jiko, wakatazama ua, wakatazama chumba cha marehemu. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa kwa kufuli.

"Hilo ni bafu, bovu," Majid akasema. "Mabomba yameoza. Ndiyo kazi niliyoijia. Mimi mabafu ya mahoteli ya Dar nimeyamalizia mengi tu, hili nalo nililiona siku ya kwanza, nikasema hapa pana kazi."

"Funguo."

Alizitoa mfukoni polepole, kama mtu anayetoa jino.

Ndani mlikuwa na lile hodhi la kuogea ambalo Masoko nzima ililifahamu. Lilikuwa la chuma, limepakwa kauri nyeupe, refu la kulaza mtu mzima, na miguu yake imechongwa makucha ya simba. Mume wa Bi Mwanaidi alilipakia kwenye lori ilipobomolewa nyumba ya meneja wa shamba moja la mkonge upande wa Kiswere, na siku lilipoingia mtaani watu waliacha chakula wakaja kulishangaa. Sasa lilikuwa limechakaa. Mstari wa manjano wa maji ya chumvi ulilizunguka ndani, karibu kabisa na ukingo, na ukingo wenyewe ulikuwa umebanduka hapa na pale, chuma cheusi kikachungulia, likawa kama kinywa cha mla tambuu.

Benadetha akapitisha kiganja kwenye ukingo, kukagua tu, kwa mazoea. Upande wa ndani, karibu na kichwa cha hodhi, ukucha wake ukateleza mahali palipokuwa laini mno. Akainama. Palikuwa na kiraka chenye ukubwa wa sarafu, kimesuguliwa kikasuguka, cheupe kuliko hodhi lenyewe. Akakinusa. Kilinuka gundi, ile ya kuchanganya tyubu mbili.

Wahenga walituambia usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawakutuambia lolote kuhusu mtu anayeziba ufa mmoja na kuiacha mingine yote ikikenua.

Hakusema kitu mbele ya Majid. Alimvuta Bi Maftaha nje, akamuuliza kwa sauti ya chini, "Mtaa huu, nani fundi wa gundi? Mtu anayeweza kuziba kitu kilichobanduka kikawa kama kipya?"

"Wa gundi ni Bakary, anatengeneza boti za faiba kule ufukweni. Lakini yeye na Mwanaidi walikuwa hawapikiki chungu kimoja. Ile dawa yake ilikuwa inamnukia marehemu mpaka kitandani. Wiki ile ile walitukanana hapa mbele ya watu."

Damu ikamchemka Benadetha. Fundi wa gundi, jirani, mwenye ugomvi na marehemu. Alishuka kuelekea ufukweni kwa hatua ambazo Sadick ilibidi azikimbilie.

Bakary alikuwa amelala chini ya boti iliyopinduliwa, akiipiga msasa. Alikuwa mtu mzima wa ndevu nyeupe zilizojaa vumbi la faiba, na aliposikia swali la kwanza hakutoka hata chini ya boti.

"Jumamosi jioni ulikuwa wapi, mzee?"

"Kisiwani. Mpwa wangu kaoa. Nimevuka adhuhuri, nimelala huko huko, nimerudi jana kwenye maziko. Waulize walionilisha."

Sadick akasogea pembeni na simu. Benadetha akachuchumaa. "Ulitukanana na Bi Mwanaidi."

Hapo Bakary akatoka. "Nilitukanana naye, ndiyo. Mimi na Mwanaidi tumetukanana tangu tuko chuoni kwa maalimu, na jana nimeingia kaburini kumlaza. Wewe unakuja na sare yako kuniuliza kama nimemuua? Huna haya?"

"Kazi yangu haina haya. Ni wewe uliyeliziba hodhi lake?"

"Hodhi gani?"

"La kuogea. Limezibwa kwa gundi."

"Nani kaziba?" Hasira ya Bakary ikageuka mshangao. "Mwaka jana nilimwendea mwenyewe. Nilimwambia, Mwanaidi, tuyaache haya, nikuzibie yale mapengo, iwe sulhu. Unajua alinijibu nini? Akanambia, nimwage maji kwa ajili ya urembo? Akanifukuza."

Sadick akarudi. "Ni kweli, afande. Alikuwa Kisiwani. Bwana arusi mwenyewe nimeongea naye."

Lakini Benadetha alikuwa hasikii tena. Nimwage maji kwa ajili ya urembo. Gundi haishiki penye maji; anayetaka kuziba lazima akaushe kwanza. Hodhi alilolipapasa muda mfupi uliopita lilikuwa kavu, kavu kabisa, katika wiki ambayo mji mzima haukuwa na tone bombani. Na Lusia alisema alilijaza Jumamosi alasiri. Alisema juzi akakatizwa, akasema leo, na yeye Benadetha mwenyewe akamuuliza habari za mchi.

Benadetha naye alizaliwa Newala, juu kule ambako maji huteremkiwa bondeni na kupandishwa mlima kichwani. Mama yake alimfundisha kunawa uso kwa kikombe kimoja, na maji ya kunawia yakamwagiliwa mchicha. Alijua uzito wa ndoo kwenye utosi kabla hajajua kusoma. Sasa akawafikiria watu wote walioingia nyumba ile, polisi kwa raia, wakapita kando ya bafu lenye hodhi kavu, na yeye miongoni mwao, na hasira aliyokuwa nayo tangu asubuhi ikapata pa kutua.

"Tunarudi," akasema. "Mzee Bakary, nisamehe."

"Sikusamehe leo," Bakary akajibu, akarudi chini ya boti yake.

Bi Maftaha alikuwa kibarazani kwake akipepeta mchele wa hitima. Benadetha hakukaa.

"Bi mkubwa, jana mlipomwosha marehemu, maji mliyatoa wapi?"

Ungo ukasimama. "Kwa nini unaniuliza hivyo?"

"Nijibu tu."

"Tuliomba. Nilipita nyumba kwa nyumba. Huyu ndoo, huyu nusu ndoo. Watu wenyewe hawana." Bi Maftaha akatazama pembeni. "Nilijua mle ndani mna maji. Nilikwenda kuyachota. Nikakuta kufuli, Majid akasema bafu bovu, maji hakuna. Likanikwama hapa kooni. Lakini mfiwa haulizwi, mwanangu. Ndivyo tulivyolelewa. Mtu kafiwa na aliyemlea, wewe umuulize maji?"

"Na Lusia, Jumamosi, ulimwona?"

"Siku nzima anapita hapa na ndoo. Nilimwambia, wewe mtoto, pumzika. Akasema bado kidogo, shangazi."

"Hayo utayarudia mbele yake?"

Bi Maftaha akaweka ungo chini, akajifunga kanga kiunoni.

Bafuni waliingia wanne: Benadetha, Sadick na simu yake ya kupigia picha, Bi Maftaha, na Majid. Wanawake kadhaa waliacha mikeka wakajipanga mlangoni, na Benadetha hakuwafukuza.

"Majid. Kiraka hiki amekiweka nani?"

"Kipi? Ah, hicho." Akakitazama kwa haraka. "Cha zamani hicho. Labda marehemu mumewe."

"Tazama huu mstari. Maji yetu ya chumvi yameuchora miaka na miaka. Umepita kwenye kila pengo. Hapa kwenye kiraka umekatika. Kiraka hiki hakijawahi kuonja maji."

Majid akapeleka tasbihi mkono wa pili. "Basi niliziba mimi. Wiki iliyopita. Nimekuja kukarabati, kukarabati ni kosa?"

"Siku gani?"

"Alhamisi. Ijumaa. Sikumbuki."

"Gundi kama hii inakauka baada ya muda gani?"

"Siku nzima, na isiguswe na tone la maji, la sivyo inavimba na kugeuka rangi." Alilijibu upesi, kifundi, kama mtu anayemweleza mteja. Kisha akaonekana kulijutia.

"Mbona mapengo mengine hukuyaziba?"

"Ningeyafikia."

"Ulianza na dogo kuliko yote. Haya. Jumamosi alasiri Lusia alilijaza hodhi hili pomoni."

"Huyo ni muuaji, afande. Muuaji atasema lolote."

"Na mimi ni muuaji?" Bi Maftaha akasema. "Mimi nilimwona kwa macho yangu akipita na ndoo. Za nani, kama si za humu?"

Benadetha akamsogelea Majid mpaka akasikia harufu ya udi kwenye kanzu yake. "Jumamosi alasiri limejaa. Jumapili asubuhi limefungwa kwa kufuli, na leo kavu. Maji yalikwenda wapi?"

"Maji gani?" Sauti ya Majid ikapanda. "Mnanichanganya na maji. Hodhi lilikuwa tupu! Hodhi la kuogea mtu akishaoga linafunguliwa, linakaa tupu. Kila mahali liko hivyo. Kuna ajabu gani hodhi kuwa tupu?"

 Mlangoni wanawake walitazamana. Kila mahali alikofanya kazi yeye, pengine. Kwenye mahoteli ya Dar, ambako mgeni akitoka kizibo kinavutwa na bafu linasuguliwa mpaka ling'ae. Hakufikiria kabisa kwamba utupu wenyewe ungekuwa na la kusema. Aliogopa kovu, akalifunika vizuri, kwa mkono wa fundi, na kitu kikubwa kuliko kovu akakiacha wazi kwa kila mwenye macho.

Bi Maftaha alizungumza polepole. "Majid. Humu hakuna aliyewahi kuoga kwa kulala. Tunachota kwa kata. Hili ndilo tangi letu. Ramadhani iliyopita bomba lilipokatika, mtaa mzima tulifuturu kwa maji ya humu, shangazi yako kasimama hapo mlangoni anagawa. Sisi hatujawahi kuona chini ya hodhi hili. Wewe uliyamwaga?"

Majid akatazama mlango. Sadick, yule mpole, alikuwa ameshasimama katikati yake.

Benadetha akatoa kisu kidogo. "Piga picha. Bi mkubwa, sogea uone, utakuja kuulizwa." Akachomeka ncha pembeni mwa kiraka, akainua. Gundi ilikuwa haijashika sawasawa. Aliyeiweka alikuwa na haraka, na chuma kilikuwa bado na unyevu. Ikatoka kipande kizima, kikalala kiganjani kama ganda la chaza. Chini yake chuma hakikuwa cheusi kama mapengo mengine. Kilikuwa kibichi, na kwenye vitundu vyake palibaki wekundu uliokauka ambao msasa haukuufikia. Na kwenye tumbo la ile gundi ulinasa unywele mmoja, mrefu, wa rangi ya chungwa.

"Hina," mwanamke mmoja akasema mlangoni.

Bi Maftaha aliziba mdomo kwa upindo wa kanga. Alipouachia, sauti yake ilikuwa kavu. "Nilimpaka mimi. Ijumaa usiku. Alikuwa na mvi tupu, nikamwambia, Mwanaidi, njoo nikupendezeshe."

"Ijumaa usiku," Benadetha akarudia. "Na wewe uliziba Alhamisi."

Majid akakaa kwenye ukingo wa hodhi, akaona alipokaa, akainuka. "Aliteleza," akasema. "Wallahi aliteleza. Nilikuwa napima ukuta, akaja kuninyang'anya tepu, nikamsukuma kidogo tu, sakafu ilikuwa na maji, akateleza. Alikuwa ameshakufa. Ningefanya nini? Nilichanganyikiwa."

"Ulichanganyikiwa ukambeba mpaka uani. Ukachanganyikiwa ukautafuta mchi nyuma ya mlango ukaupaka damu. Ukachanganyikiwa ukachanganya gundi, ukatia kufuli, ukaenda kusali isha, na ilipokauka ukaja kuisugua kwa msasa." Benadetha akakikunja kisu chake. "Bi Mwanaidi aliteleza. Na Lusia? Naye aliteleza?"

 Sadick akamfunga Majid pingu juu ya mikono ya kanzu, na katika mkoba wake wa kazi wakakuta tyubu mbili nyeupe zimekamuliwa nusu. Wanawake walimpisha njia bila kumgusa wala kumtukana. Hilo lilimwinamisha kichwa kuliko matusi. Ni Bi Maftaha peke yake aliyesema, na hakuwa akimwambia yeye.

"Nilisimama mbele ya kufuli hili," alisema. "Nikanyamaza kwa adabu."

Kituoni mkuu alizitazama picha, akaitazama gundi ndani ya mfuko wa vielelezo, akasaini hati ya kumwachia Lusia bila kuinua uso. Alisema kazi nzuri. Benadetha akaichukua karatasi na kutoka, na safari hii mlango akauacha wazi kabisa, ili watu wa kaunta wamwone mkuu wao alivyokaa.

Lusia alitolewa alasiri. Alisikiliza yote amesimama: kiraka, gundi, unywele, Majid. Hakushukuru. Benadetha alisubiri ashukuru, kisha akaona aibu kusubiri.

"Nilisema tangu siku ya kwanza," Lusia akasema. "Nilisema nilijaza maji."

"Ulisema."

"Mkaniuliza mchi."

"Ndiyo." Benadetha akachukua funguo za gari mezani. "Gari lipo. Nitakupeleka popote unapotaka. Stendi, kanisani, popote."

Lusia alifunga kanga aliyoletewa na Bi Maftaha. Alikuwa ameshafika mlangoni alipogeuka.

"Bibi waliomwosha ni akina nani?"

"Wanawake wa mtaani. Bi Maftaha na wenzake."

"Na maji?"

Benadetha alitamani asiulizwe hilo. "Waliomba. Kila nyumba ilitoa kidogo."

Lusia akaishika nguzo ya mlango. Askari walisema siku zote zile mahabusu hakulia mbele ya mtu. Hata alipopigiwa kelele hakulia. Sasa uso wote ukamkunjika kwa hasira, na machozi yakateremka bila kwikwi.

"Waliomba," akasema. "Wakati yangu yalikuwepo. Nilimtekea yeye."